Utando wa kulinda rangi ya gari jipya: wa kiwandani au wa fundi wa nje?

Mwezi uliopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Dubai. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, akaingia kwenye jambo lake. Amefanya kazi kule miaka 12, amejiwekea akiba, na sasa ameagiza gari la spoti, jipya kabisa, la milango miwili. Wakala anayemuuzia amempa karatasi ya kutia saini: gari libandikwe utando wa kulinda rangi, "wa kampuni", kabla hajakabidhiwa funguo. Rafiki yake naye anamjua fundi mmoja Al Quoz, atakayemfunika gari zima kwa pesa ambazo wakala anazitaka kwa sehemu ya mbele peke yake.

"Mjomba, kazi hii wewe umeifanya. Nitie saini ama niende kwa fundi?"

Nimeifanya, ndiyo. Nilikaa Dubai miaka tisa, na saba kati ya hiyo niliipitisha nikibandika utando huo kwenye magari ya watu. Tangu nirudi Mombasa, swali kama hili naulizwa na wengi, wenye magari na vijana wanaotaka kwenda Ghuba kuifanya kazi yenyewe. Nimeona bora nilijibu mara moja, na kwa urefu wake. Ndani yake mna jambo langu moja ambalo sijapata kumwambia mtu.

Utando huu ni kitu gani

Mafundi huuita PPF. Ni utando wa plastiki ya aina ya poliuretani, usio na rangi, wenye gundi upande mmoja. Asili yake ni ya kijeshi: kampuni ya Marekani ya 3M ilitengeneza utando wa namna hiyo wakati wa vita vya Vietnam kulinda mapanga ya helikopta yasiliwe na mchanga. Baadaye ukaingia kwenye magari ya mashindano, kisha ya watu binafsi.

Unene wake kwa kawaida ni kati ya maikroni 150 na 200. Ili upate picha, rangi yote ya gari iliyopigwa kiwandani, kuanzia ile ya chini hadi vanishi ya juu, huwa karibu maikroni 100 hadi 150. Basi utando mmoja ni mnene kuliko rangi yote inayolindwa. Ndiyo maana jiwe dogo linaloruka kutoka tairi la lori hupiga utando na kudunda, badala ya kung'oa rangi hadi bati likaonekana.

Tando nzuri zina ngozi ya juu inayojiponya. Mikwaruzo midogo ya kitambaa cha kuoshea hupotea gari likikaa juani au likimwagiwa maji ya moto. Lakini mkwaruzo wa funguo, au jiwe lililotoboa, hauponi. Hapo kipande hung'olewa kikawekwa kingine.

Usichanganye utando huu na koti ya seramiki, ambayo ni kimiminika kinachopakwa. Koti hiyo hung'arisha na kurahisisha kuosha, lakini haizuii jiwe. Usiuchanganye pia na ule utando mweupe tunaouona kwenye magari mapya yakishuka bandarini. Huo ni wa safari tu, na hutolewa gari likifika.

"Wa kiwandani" ina maana tatu

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na ndipo nilipoanzia kumjibu mpwa wangu. Nilimuuliza: "Wa kampuni gani? Nani anabandika, na wapi?" Hakujua.

Maana ya kwanza ni ya kweli kabisa: utando unawekwa na mtengenezaji mwenyewe, au kwa agizo lake, kabla gari halijasafirishwa. Ferrari, kwa mfano, ina utando wa kuzuia mawe katika orodha yake ya vitu vya ziada ambavyo mteja huvilipia anapoagiza. Porsche 911 nayo hutoka kiwandani na kipande kidogo cha utando mbele ya kila tairi la nyuma, kwa kuwa bodi yake hutanuka pale na kupokea mawe yote yanayorushwa na matairi ya mbele.

Maana ya pili ni utando unaowekwa gari likishafika nchini, kwenye ghala la mwagizaji. Hapo gari limeshapanda meli, limeshashushwa, limeshaoshwa na watu wasiojulikana.

Maana ya tatu ndiyo niliyoikuta mara nyingi zaidi, kwa sababu nilikuwa ndani yake. Wakala anauza utando kwa jina la kampuni, kisha anapiga simu gereji ya nje. Nimewahi kupelekwa usiku, mimi na wenzangu wawili, tukaingia mlango wa nyuma wa duka la magari mapya na marobota yetu, tukafanya kazi hadi alfajiri. Asubuhi mteja akapewa gari lenye "utando wa kampuni". Ulikuwa utando wetu uleule, na mikono yetu ileile, ila bei ilikuwa imepanda ngazi moja njiani.

Sisemi kwamba ni wizi. Wakala akisimamia kazi na akatoa dhamana yake kwa maandishi, kuna kitu umekinunua. Lakini ujue unanunua nini.

Uzuri na upungufu wa kiwandani

Uzuri wake mkubwa ni wakati. Rangi ya kiwandani huokwa kwenye joto la kama nyuzi 140, hivyo gari linapotoka kwenye mstari wa kazi rangi imeshakauka sawasawa na iko tayari kupokea utando siku hiyohiyo. Ukiwekwa hapo, unawahi kabla ya vumbi la bandari na kabla ya yule kijana wa duka anayefuta gari jeusi kwa kitambaa kikavu.

Uzuri wa pili ni kwamba mwenye lawama ni mmoja. Rangi ikitoka na utando, hakuna wa kumwambia "nenda kwa yule". Aliyepiga rangi ndiye aliyebandika.

Wa tatu ni vile vitambuzi. Magari ya sasa yana rada na vitambuzi vya kuegesha nyuma ya bampa. Mtengenezaji anajua ni wapi utando upite juu na ni wapi ukatwe.

Upungufu wake ni kwamba unapewa walichopanga wao. Mara nyingi ni sehemu ya mbele na vipande vichache vya pembeni. Kingo hazikunjwi kuingia ndani ya boneti. Utando huishia milimita moja au mbili kabla ya ukingo, na mstari ule baada ya muda hushika uchafu. Huwezi kuchagua aina ya utando. Na mara utakapotoboka, ukiwa mbali na wakala, utaishia kwa fundi wa nje tu.

Uzuri na upungufu wa fundi wa nje

Fundi mzuri wa nje anaanza na kitu ambacho kiwanda hakina muda nacho: anaichunguza rangi chini ya taa. Gari jipya si lazima liwe safi. Nimepokea magari yenye kilomita 30 yakiwa na mikwaruzo ya mviringo boneti nzima. Ukibandika juu yake, umeifungia humo miaka yote ya utando. Kwa hivyo fundi anasafisha kwa udongo maalumu, anang'arisha penye haja, ndipo anaanza.

Kazi yenyewe ni ya maji. Unanyunyiza maji yenye shampuu ya watoto ili utando uteleze, unaupanga mahali pake, kisha unanyunyiza maji yenye spiriti ili ushike, na unakamua kwa kipande cha mpira kuanzia katikati kwenda nje. Penye kona unapasha kwa hewa ya moto na kuvuta. Ukivuta mno, gundi huacha michirizi isiyotoka. Vipovu vidogo vya maji hupotea vyenyewe ndani ya wiki chache. Punje ya vumbi haipotei.

Fundi wa nje anaweza kufunika gari zima, kufungua taa na alama ili kingo ziingie ndani, na kukupa utando unaoutaka. Kampuni kubwa kama 3M na XPEL ya San Antonio, Marekani, hutoa dhamana ya hadi miaka 10 kwa tando zao za daraja la juu: usigeuke manjano, usipasuke, usibanduke. Lakini dhamana hiyo ni ya utando. Ya kazi ni ya fundi, na ya rangi mara nyingi haimo kabisa.

Na hapo ndipo penye hatari yake. Kuna njia mbili za kukata. Ya kwanza ni kwa mashine: vipimo vya kila gari vimo kwenye programu, mashine inakata vipande, fundi anabandika tu. Ya pili ni kuweka utando mkubwa juu ya gari na kukata ukingoni kwa wembe, palepale. Njia ya pili hutoa kazi nzuri zaidi machoni, kwa kuwa ukingo hauonekani. Lakini wembe uko juu ya rangi. Ukizidisha mkono unene wa unywele, umeikata.

Mstari kwenye boneti

Mwaka wangu wa tatu liliingia gari jeusi, jipya, lenye nambari za muda bado. Nilikuwa nakata ukingo wa boneti karibu na taa ya kushoto. Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi. Wembe ulizama. Nilihisi mkononi kabla sijaona: mstari wa urefu wa kidole, umepita vanishi umeingia kwenye rangi.

Nilimwita arbabu, kama tulivyomwita mwenye gereji. Aliinama, akautazama, akasema niuvute utando usogee upite juu yake. Nikafanya. Utando ukishakaa na maji kukauka, mstari ule ulizama ndani ya weusi. Mwenye gari alikuja jioni, akazunguka gari mara mbili, akafurahi, akanipa dirham 50 mkononi. Nikazipokea.

Miaka minne baadaye alirudi. Alitaka kuuza, na mnunuzi alitaka utando utolewe aione rangi. Mimi ndiye niliyepewa kuutoa. Nilipofika kona ya kushoto mstari ulikuwa pale, kama nilivyouacha. Mnunuzi akapitisha ukucha juu yake. Arbabu akasema gari lilikuja hivyo kutoka kiwandani. Mwenye gari akapiga simu kwa wakala; wakala akasema gari lilitoka kwao safi, waulizwe waliobandika. Kila mmoja alimwelekeza kwa mwenziwe, na hakuna aliyekuwa na picha hata moja.

Mwishowe mtu yule akanigeukia mimi. Hakunipigia kelele. Alisema, "Wewe ndiye uliyelifanya. Mstari huu ulikuwapo?"

Nikamwambia sikumbuki.

Mnunuzi alishusha bei, wakakubaliana, gari likaondoka. Mimi nilibaki na kazi yangu, na visa yangu, ambavyo ndivyo nilivyokuwa nikiviogopea. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuumbuliwa. Aliyelipa ni yeye, na alilipa asijue analipia nini.

Nilichomwambia mpwa wangu

Nilimwambia haya yote, na la mstari pia. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hivyo fundi wa nje hafai?"

Siyo hivyo. Wembe unaweza kuteleza kiwandani pia, na wakala aliyetupeleka usiku alikuwa akitumia wembe uleule. Anayepima kati ya "kampuni" na "fundi" anapima jina tu. La kupima ni hili: rangi ikiharibika chini ya utando, ni nani atakayelipa, na utathibitishaje?

Kwa hivyo nilimpa maswali ya kumuuliza wakala na fundi, wote wawili, na majibu ayataka kwa maandishi:

Nani anabandika, na mahali gani? Wakala akitaja gereji ya nje, nenda uitazame gereji hiyo, uangalie kama sakafu ni safi na mlango unafungwa. Vumbi la Dubai halina adabu.

Utando wa chapa gani na daraja gani? Kila robota lina nambari yake. Nambari hiyo iandikwe kwenye risiti, maana bila yake dhamana ya mtengenezaji haina pa kushika.

Kunakatwa kwa mashine ama kwa wembe juu ya gari? Ikiwa ni wembe, ni sehemu zipi?

Rangi ikikatwa, au ikitoka siku ya kubandua, nani anarudisha? Fundi anayeijua kazi yake hakasiriki kwa swali hili.

Gari limewahi kupakwa rangi sehemu yoyote? Magari mapya huumia melini na kutengenezwa kabla hujayaona. Kuna kifaa kidogo cha kupimia unene wa rangi. Penye bati au alumini, kikisoma zaidi ya maikroni 200 sehemu moja na 120 kwingine, uliza. Rangi iliyopigwa upya gereji haijaokwa kama ya kiwandani. Inahitaji angalau siku 30 kabla ya utando, na hata hivyo inaweza kuja na gundi siku ya kutoa.

La mwisho ni picha. Kabla ya utando, gari likiwa limeoshwa, chini ya taa, kila paneli na kila kona, na tarehe ionekane. Nakala moja abaki nayo mwenye gari, moja abaki nayo fundi. Siku ile mtu yule angekuwa na picha, arbabu asingethubutu, na mimi nisingepata pa kujificha.

Mpwa wangu alirudi kwa wakala na maswali hayo. Ikaonekana utando "wa kampuni" unawekwa na gereji ya nje, na dhamana ya rangi haimo kwenye karatasi. Hakutia saini. Alichukua gari moja kwa moja kutoka dukani, likiwa na kilomita chache, akalipeleka kwa fundi wa Al Quoz aliyekubali kuandika kila kitu na anayekata kwa mashine. Hakufunika gari zima. Alichukua sehemu ya mbele yote, vioo vya pembeni na madigadi ya nyuma, ambako mawe hupiga, na pesa zilizobaki akaweka za bima. Kama wakala angeandika dhamana ya rangi kwa jina lake, ningemwambia abaki kwake, hata kwa bei ile.

Kwa walio huku Pwani

Wengi wetu huku hatununui gari jipya la spoti. Tunanunua lililotumika Japani, na swali linakuja kwa sura nyingine. Gari la namna hiyo huenda limepigwa rangi upya, kule au hapa. Kabla hujabandika utando, pima rangi. Kabla hujamruhusu mtu aubandue ule wa zamani, hakikisha anaupasha joto na kuuvuta polepole ukilala karibu na bodi, si kuuinua juu kama mtu anayetoa plasta.

Kazi ipo. Barabara ya Mtwapa kwenda Kilifi kwa muda mrefu imekuwa na ujenzi na kokoto, na malori ya Nairobi hayana breki za huruma. Kunguru wetu wa Mombasa nao, kinyesi chao kikikauka juani hula vanishi, na hata utando hukitia doa kisipooshwa mapema. Na ukishabandikiwa, liache gari wiki moja kabla ya kuliosha, kisha tumia mashine ya maji kwa mbali, usiielekeze kwenye kingo.

Kwa vijana mnaokwenda Ghuba kuifanya kazi hii: mtajifunza kuvuta, kukamua na kukata, na mtaiweza, ni kazi ya mkono na subira. Siku moja wembe utazama. Utamzamia kila mmoja wenu. Mwiteni mwenye gari kabla ya kuweka utando juu yake. Huenda mkakatwa mshahara. Mimi sikukatwa, na kila nikiona boneti nyeusi imeegeshwa juani, jicho huenda kwanza kwenye kona ya kushoto.